Tarakimu Hazina Lugha

Mtaani kwetu Dar es Salaam, uenyekiti wa chama cha kuzikana unaweza kuvunja undugu. Nimeona watu wakipiga kampeni msibani, marehemu hajatoka ndani. Ndiyo maana mkutano mkuu wa klabu ya Waswisi, niliyoingia kwa tiketi ya ndoa, uliniacha mdomo wazi. Mwenyekiti, mzee aliyefika Ifakara ujanani kwenye utafiti wa malaria na hadi leo anaongea Kiswahili cha bonde la Kilombero, alitangaza kwamba anang'atuka baada ya miaka tisa. Akauliza nani anagombea. Watu wazima kama arobaini wakainamia viatu vyao. Mmoja akaanza kulikagua feni.

Mke wangu aliwahi kunieleza kwamba kwao serikali ni watu saba, na urais ni zamu ya mwaka mmoja; na hata ukiwa rais unaendelea kuongoza wizara yako. Nilidhani ananitania. Kumbe cheo kwao ni kama zamu ya kuosha vyombo: hakuna anayeikimbilia, ila ikikufikia unaosha mpaka sufuria ing'ae.

Kimya kilipozidi, dada mmoja mwenye miezi mitatu tu nchini akakubali kubeba mzigo, kwa sharti kwamba matangazo yote yatoke kwa Kiswahili pia, kwa heshima ya mashemeji. Mashemeji tulikuwa sita. Watano wakanigeukia. Hivyo ndivyo nilivyopata ukatibu.

Makabidhiano yalifanyika Jumamosi iliyofuata. Mimi nimefanya kazi maofisini. Najua makabidhiano ni kurushiana ufunguo na kuulizana habari za watoto. Hawa walifungua masanduku. Taa za karatasi, zikahesabiwa. Bendera, zote za mraba kama ilivyo bendera yao, zikahesabiwa na kupimwa kama hazijanywea kwa kufuliwa. Ikaja zamu ya uma za fondyu, zile ndefu nyembamba za kuchovya mkate kwenye jibini la moto, kila mmoja una rangi yake kitakoni ili usile wa jirani. Orodha ilisema 24. Mezani zilikuwa 23. Tukahesabu mara tatu. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, tukahesabu ya nne. Miaka tisa yote alikuwa hajapoteza hata kizibo. Nikaandika kwenye muhtasari, mkono ukitetemeka kwa huruma: "Uma mmoja, kitako cha njano, unatafutwa."

Baada ya hapo ikawa ratiba. Mwenyekiti mpya alitaka jedwali moja kwa lugha zao nne pamoja na ya kwetu, na mimi nikamwandalia rasimu ya Kiswahili. Mstari wa kwanza: tarehe 1 Agosti, sikukuu ya taifa, saa 11:00 jioni. Kwa kuwa neno "jioni" lilikuwa linatanua safu, akalifuta. Kisha akaichukua safu yangu ya saa kama ilivyo, akaiweka kwa lugha zote tano. "Tarakimu hazina lugha," alinieleza kwa upole, na kwa sauti ile ya msomi sikupata cha kujibu.

Siku yenyewe, saa tano kamili asubuhi, nilikuwa sebuleni na msuli wangu, andazi mkononi, simu ikalia. "Shemeji, mko wapi? Tumefika." Wamefika nani? Wamefika wote waliosoma 11:00 wakaelewa 11:00. Familia kumi na moja zilikuwa zimesimama ufukweni kwenye jua la utosi, watoto wameshika taa za karatasi ambazo haziwezi kuonekana zinawaka mpaka giza liingie. Mkaa haujafika. Soseji ziko kwenye friza langu, ngumu kama matofali.

Nilizifunga kwenye mfuko wa sulufeti, nikapanda bodaboda. Soseji yenyewe inaitwa cervelat, ndiyo soseji ya taifa, na nikiwa njiani nikawa natafakari kwamba mwaka 2008 nchi yao nzima ilishikwa na kiwewe kwa sababu ngozi yake ilikuwa utumbo wa ng'ombe wa nundu kutoka Brazili, na Ulaya ilikuwa imezuia utumbo huo usiingie. Ng'ombe wa nundu! Angeniuliza mtu, ningempeleka mnadani Pugu.

Saa kumi na moja za kwetu wakawasili wakongwe, wale wanaoijua saa ya Kiswahili, wakiongozwa na Mzee wa Ifakara. Wakawakuta wenzao wekundu kama nyanya na soseji zimekwisha. Wimbo wa taifa ukaimbwa upya, na mara hii pia ubeti wa pili ukawashinda wote. Hotuba ya rais wao kwa Waswisi wa ng'ambo ikachezwa mara ya pili. Saa moja na nusu usiku wakaingia mashemeji na ndugu zao, wakiomba radhi kwa kuwahi. Sherehe ikachukua saa tisa. Mzee alisema ndiyo ndefu kuliko zote alizowahi kuziona, halafu akanisimulia kile kiapo cha mwaka 1291, watu wa mabonde matatu wakiahidiana kusaidiana wakipatwa na shari. Nikamwambia hicho ni chama cha kuzikana. Akafikiri, akasema ndiyo, ila michango inalipwa kwa wakati.

Ratiba iliyobaki sasa ina safu mbili za saa. Septemba ni karata za Jass, karata 36, na tayari kuna ugomvi: Waswisi wa mashariki wana karata zao zenye kengele na ngao, wa magharibi wanatumia za kopa na shupaza. Novemba ni fondyu, katika joto la Novemba la Dar, usiniulize. Tarehe 6 Desemba anakuja Samichlaus, mzee wa ndevu anayegawa karanga na machenza, pamoja na msaidizi wake aliyepakwa masizi usoni. Tulipofika kwenye kipengele hicho kamati nzima ikatazama dari. Nikasema niandikeni mimi kwenye ndevu. Masizi apakwe mwenyekiti. Ikapita bila kupingwa.

Jumapili iliyopita niliingia jikoni kumsalimia mama, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia na sasa ana mwaka wa pili. Alikuwa kwenye kigoda, karai limechemka, anageuza maandazi mojamoja kwa kauma karefu kembamba. Kitako cha njano.

"Mama, hako kauma umekatoa wapi?"

"Kwenye begi la mkeo la kwendea pwani. Hakaunguzi mkono. Una nini nako?"

Nikachukua andazi. Jioni nikaandaa muhtasari wa kikao: kipengele cha nne, uma bado unatafutwa. Mke wangu ndiye mweka hazina, sahihi yake ni lazima. Alisoma mpaka mwisho, akatia sahihi bila kuinua macho, kidole kikaacha alama ya mafuta pembeni mwa karatasi.