Umerudi Bangwe na Tumbo Dogo: Mwongozo wa Kuishi Vizuri Katikati ya Masinia

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache, tena ukiwa umelala. Daktari ama anakata robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba, ama anatenga kijifuko kidogo juu na kukiunga moja kwa moja na utumbo. Hapo kazi yake kubwa imekwisha. Yako inaanza siku unaporudi Bangwe, mjini Kigoma, na mizigo yako, kwa sababu huku kwetu tumbo lina wenyewe wengi. Shangazi ana sauti ndani yake, wifi ana sauti, jirani aliyekupikia ubwabwa tangu utotoni naye ana sauti.

Zamani aliyetaka tiba hii alipanda ndege kwenda nje. Katika miaka hii ya 2020, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni na kuwafanyia upasuaji wa kupunguza uzito. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alizungumzia ulaji hadharani mpaka jina lake likaingia katika utani wa mezani. Lakini kutoka Mloganzila hadi Bangwe ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtaalamu wa lishe hakusindikizi. Basi shika mwongozo huu. Msingi wake ni mmoja: aliyekatwa ni mtu mmoja, ila wa kujifunza upya kula ni nyumba nzima.

1. Mlangoni: andaa jibu kabla ya swali

Ukipungua kilo thelathini, Bangwe haitakupigia makofi kwanza. Itakuonea huruma. Unene kwetu umehesabiwa siku zote kuwa afya, pesa na ndoa tulivu, na kukonda kumehesabiwa kuwa maradhi, hasa yale ambayo watu huyataja kwa kunong'ona. Utasikia "Mbona umekwisha hivyo?" kabla hujajibiwa salamu.

Chagua watu watatu wa kujua kila kitu: mwenza au ndugu wa karibu, mpishi wa nyumba, na mtu mmoja mwenye usafiri na simu isiyozimwa usiku. Wengine wape sentensi moja ya kweli, na uirudie bila kuipunguza wala kuiongeza: "Shikamoo shangazi. Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari ananifuatilia, naendelea vizuri." Akiuliza tena, mjibu vilevile. Mara ya nne atahamia kwenye habari za binamu yako.

Ila usidanganye kwamba ni tangawizi na limao. Uongo huo unaonekana mdogo, lakini utamfikia mama mwenye kisukari mtaa wa pili, naye ataacha dawa zake aanze kukamua ndimu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Hiyo ni haki yako.

2. Jikoni: usibishane na aliyeshika mwiko, mpe kazi

Mpishi anayekupenda ni hatari kuliko adui, maana upendo wake hupimwa kwa upawa. Dawa ni kumpa madaraka. Mkabidhi karatasi ya hospitali na umwambie yeye ndiye msimamizi. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni vyakula vya majimaji tu: mchuzi mwepesi uliochujwa, maziwa yasiyo na sukari, maji. Kisha vilivyopondwa: samaki aliyetolewa miiba yote, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda. Baadaye vilaini, na karibu na mwezi wa pili vyakula vya kawaida kwa kiasi kidogo. Karatasi yako ikisema tofauti, fuata karatasi.

Sahani yako sasa ni kisosi, na kijiko chako ni cha chai. Tafuna mpaka chakula kiwe uji, na ukisikia kubanwa kifuani, acha hapohapo hata kama tonge limebaki mkononi. Anza na protini. Wengi hutakiwa kupata gramu 60 hadi 80 kwa siku, na mfuko mdogo hauna nafasi ya kuzitafuta mwishoni. Usinywe wakati wa kula. Ngoja nusu saa, kisha maji yako, yapate lita moja na nusu kwa siku, yanywe funda kwa funda kuanzia alfajiri.

Ugali wa muhogo ndio wa mwisho kurudi mezani. Unanata, unakwama, na unajaza nafasi ya samaki. Mawese si haramu, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, nacho huteleza tumboni bila kukushibisha. Ndivyo pia uji wa sukari na chai tamu. Mwambie mpishi kwamba sombe lake, yaani kisamvu, ni tamu hata mawese yakipungua nusu. Nalo ni tamu kweli.

3. Mwaloni Katonga: hapa una bahati kuliko mgonjwa wa London

Mgonjwa wa Ulaya hununua unga wa protini wa kopo. Wewe unateremka mwaloni. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, unapata na kalisi humohumo. Wachambue, uwaoshe mchanga, uwachemshe walainike, na mwanzoni uwasage kabisa. Mgebuka wa kuchemsha na kuhe wa mchuzi mwepesi ni laini na hawachoshi mfuko. Wa kukaangwa mpaka wakauke, waachie wenzako kwa sasa.

Jipange na kalenda ya ziwa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa hupumzika, na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ufungaji ule ni jambo jema kwa ziwa, hivyo mwenye tumbo dogo asinung'unike, aweke akiba: dagaa wakavu kwenye chombo kikavu, mayai, maharage, kuku wa kuchemsha.

4. Shughulini: mshike birika

Harusi, maulidi na msiba vina sheria moja Kigoma: asiyekula ana neno moyoni. Wewe huna neno. Una mfuko unaojaa kwa vijiko vichache. Siri ni kujitolea kunawisha watu mikono. Anayezunguka na birika na beseni haulizwi kwa nini hali, na mwishoni anashukuriwa kuliko aliyemaliza sinia. Kazi ya pili kwa ubora ni kugawa nyama. Ukikaa kwenye sinia, kula mapema nyumbani, kaa karibu na mzee anayependa hadithi, na chukua nyama kwanza, wali baadaye.

Soda, halua na keki vikatae kwa sababu iliyo wazi. Sukari nyingi ikimwagika ghafla kwenye utumbo, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, moyo hukimbia, jasho hutoka, kizunguzungu na kuhara hufuata. Na pombe, kwa wanaoitumia, sasa hupanda haraka na kwa nguvu, na baadhi ya watu waliohama kwenye chakula wamenasa kwenye glasi. Usikae kimya ukiona dalili hiyo kwako. Mwambie mmoja wa wale watatu.

5. Duka la dawa: sema kwanza, nunua baadaye

Ukiumwa mgongo, kijana wa dukani atakupa diklofenaki au ibuprofeni kabla hujamaliza kueleza. Mrudishie. Dawa za aina hiyo zinaweza kuchimba vidonda kwenye mfuko uliokatwa au kwenye maungio. Omba parasetamo, na maumivu yakiendelea nenda hospitali.

Vitamini na madini ulivyoandikiwa, mara nyingi mchanganyiko wa vitamini pamoja na B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D, ni vya maisha yote. Kujisikia mzima hakuvifuti. Chuma na kalisi vitenganishe kwa saa mbili au zaidi, maana vinagombania njia moja. Dawa zako za zamani za presha na kisukari nazo zipimwe upya mapema, kwa sababu mwili unaopungua haraka unaweza kuelemewa na dozi ya zamani. Hatuachi wenyewe, hatuendelei kwa mazoea. Tunapima.

6. Ramadhani inapoingia Ujiji

Kwa wengi huu ndio mtihani mkubwa, maana moyo unataka kufunga na tumbo halina pa kuweka akiba ya maji. Miezi ya kwanza madaktari wengi hushauri usifunge, na wengine husema ungoje mwaka mzima au zaidi. Dini imemwekea mgonjwa ruhusa, basi keti na daktari, kisha keti na sheikh, uchukue ruhusa hiyo bila aibu. Ukija kuruhusiwa kufunga, futari yako ianze na maji kidogo na samaki. Tambi za sukari na mihogo ya nazi vitafuata, na mara nyingi havitapata nafasi.

7. Kioo na chumba cha kulala

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinaweza kukatika kwa wingi. Hujalogwa. Mwili umeshtuka kwa kupungua haraka, na nywele hurudi protini na chuma vikiwa sawa. Ngozi italegea mikononi na tumboni, nayo hairudi yote. Mwili huo ulikubeba ulipokuwa mzito, haustahili kutukanwa leo.

Kwa wanawake: uzito ukishuka, hedhi iliyopotea hurudi na mimba hushika kwa urahisi kuliko awali. Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18, ili mtoto asinyang'anyane virutubisho na mama. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya utumbo kuunganishwa, kwa hiyo uliza kliniki kuhusu kipandikizi, kitanzi au sindano. Na wewe mume, usihesabu kilo za mkeo mbele ya wageni, hata kwa kusifu.

Huzuni nayo huja. Chakula kilikuwa faraja, na faraja hiyo imeondoka kabla nyingine haijafika. Ukiona siku zinapita hutaki kuamka wala kuonana na mtu, hilo ni jambo la kliniki kama homa ilivyo.

8. Kikoba: pale palipo na hisa, weka na hii

Huenda Bangwe nzima usimpate mwingine aliyefanyiwa upasuaji huu. Usimsubiri. Wenye presha wapo, wenye kisukari wapo, wenye magoti yanayouma wapo, na wote wanahitaji unachohitaji: mtu wa kutembea naye na mtu wa kuulizana naye. Kikoba chako tayari kina watu, siku na daftari. Omba dakika kumi kabla ya hisa kukusanywa, kila mmoja aseme wiki yake ilikuwaje. Kisha pangeni matembezi. Kwa milima yetu, kwenda mjini na kurudi kwa miguu ni mazoezi tosha. Kwenye simu, dumu na wale mliolazwa pamoja. Wanaelewa furaha ya kupitisha yai zima.

Kundi hilo litakufaa zaidi baada ya mwaka wa pili. Uzito hufika mahali ukasimama, na kilo kadhaa zinaweza kurudi. Aibu itakwambia usiende kliniki mpaka upungue kwanza. Usiisikilize. Kilo zikirudi ndipo safari ya kliniki ina faida kubwa zaidi.

9. Maweni: fika na karatasi, sema mlangoni

Muulize daktari aliyekupasua ni vipimo gani vinaweza kufanyika hapa, kisha ukajiandikishe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ratiba za kawaida huwa nzito mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, maisha yote. Piga picha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, iwe kwenye simu yako na ya wale watatu.

Hapa utani unakaa pembeni. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au bega, kutapika mpaka maji hayakai, choo cheusi, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukata: nenda saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Kutapika kwa siku kadhaa kunaweza kumaliza vitamini B1 na kuharibu mishipa ya fahamu. Ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, tarehe hii, hospitali hii."

10. Kwa majirani na ndugu

Kanuni hii ni yenu peke yenu. Mkimwona, msimpime kwa macho, msimsukumie sahani, msimwombee arudi alivyokuwa. Kama mna swali, muulizeni hivi: "Umekunywa maji leo? Twende tukatembee?"