Mheshimiwa Chini ya Mkokoteni

Jogoo wetu anaitwa Mheshimiwa. Hakuna aliyekaa kumtafutia jina. Lilimjia lenyewe, kwa mwendo wake wa kifua mbele na desturi yake ya kuhutubia ploti nzima saa kumi alfajiri bila kuombwa. Tunaishi naye hapa Munyaka, Eldoret, yeye na matetea wa kienyeji ambao idadi yao hutegemea mwewe ameamkaje wiki hiyo.

Wanaosema kuku ni mjinga hawajafuga. Adui akitokea angani, Mheshimiwa hutoa mlio mwembamba, wa kuvutwa, kiiiii, ambao hata mwenye mabawa hupata taabu kujua umetoka wapi. Matetea huinamisha kichwa upande, jicho moja mbinguni, kisha ni mbio hadi chini ya mkokoteni. Adui akija kwa miguu, wimbo hubadilika: kot-kot-kot-koteeek! Hapo wengi hawakimbii. Husimama wima, shingo ndefu, wakitafuta ni nani huyo. Mwaka 1993, Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha utafiti ambamo matetea walisikilizishwa milio hiyo kwenye spika, pasipo adui yeyote, nao wakafanya hivyo hivyo: mlio wa adui wa angani, wakajificha; mlio wa adui wa miguu, wakasimama kukodoa macho. Kwa hiyo jogoo hapigi mayowe tu. Anatoa taarifa.

Shida ya mtaa wetu ni wingi wa taarifa. Asubuhi wakimbiaji wanaoelekea barabara ya Iten wakipita, ni kot-kot-kot mpaka wa mwisho anayeburuta miguu apotee kwenye kona. Zamani juala jeusi likipeperushwa na upepo lilikuwa mwewe kamili. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, tumepumzika kidogo. Kisha ikaja kampeni ya 2022 na helikopta zake. Kila ilipopita moja, Mheshimiwa wetu aliutangazia ulimwengu kwamba mwewe mkubwa kuliko wote amefika kuchukua vifaranga. Sisemi alikosea.

Lakini hebu mtazame anatangazia wapi. Chini ya mkokoteni! Nilidhani ni woga wake binafsi hadi niliposoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walilieleza jambo hilo mwaka 2010: jogoo huita zaidi akiwa yeye mwenyewe chini ya kichaka, na mpinzani wake akiwa karibu. Marler na wenzake walikuwa wameshaonyesha tangu 1988 kwamba jogoo akiwa peke yake hufunga mdomo zaidi, ila akiwa na tetea wa kumsikiliza hupata sauti. Kwa hiyo anahitaji hadhira, paa juu ya kichwa, na mpinzani aliye karibu. Jogoo wa jirani akivuka ua kuja kula vyetu, Mheshimiwa hupaza onyo kwa bidii ya kipekee, na sidhani ni kwa kumhurumia.

Usiku ofisi yake ya taarifa hufungwa. Kuku haoni vizuri gizani, na kicheche analijua hilo. Anaingia, anachagua, anatoka, na hakuna anayetoa hata kot moja. Kesho yake saa kumi, Mheshimiwa anahutubia kama kawaida wala hagusii suala la usalama.

Utotoni tuliambiwa kwamba kuku aliazima sindano ya mwewe akaipoteza, ndiyo maana huparura mpaka leo, naye mwewe hujilipa kwa vifaranga. Mkopo huo una riba kubwa kuliko mkopo wa simu. Jirani yetu ameamua kutolipa: amewapaka vifaranga wake rangi ya waridi, mgongo hadi mkia, eti mwewe asiwatambue. Mimi naona amemrahisishia mteja kuchagua, ila vifaranga bado wapo, kwa hiyo nimenyamaza.

Jumapili moja ya mvua Pasta alikuja kututembelea. Alipofika mlangoni akafungua mwavuli wake mweusi kuukung'uta maji. Kiiiii! Ua mzima ukahama. Mkokoteni ulikuwa umeazimwa siku hiyo, basi matetea wakaona paa la karibu ni sebule yetu. Mmoja alipita juu ya kochi, mwingine akajikunja chini ya meza, akavuta kitambaa cha kufumwa, na chupa ya chai ikafuata. Vikombe vya wageni, vile vinavyotoka kabatini kwa nadra, vikajifunza kuruka. Mheshimiwa alikuwa ameshafika nyuma ya televisheni, akiendelea kutoa taarifa.

"Mama," Pasta akasema, suruali ikichuruzika chai, "hawa kuku wanaogopa mtumishi wa Mungu?"

"Hapana, Pasta, ni mwavuli tu," mama akajibu. Nikaona macho yake yakipita polepole juu ya matetea, kutoka mwembamba hadi mnene.

Tuliwafukuza nje, tukapiga deki, tukaomba. Kisha mama akatoka na konzi ya mahindi, akaita kuru-kuru-kuru. Huyo ndiye adui ambaye kuku hawana mlio wake. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kufika. Akadonoa punje moja, akaitupa, akaidonoa tena, akaanza kile kiko-ko-ko chake cha kuwakaribisha wake zake chakulani. Wakaja wote, na yule mnene akatangulia.

Firigisi alipewa Pasta.