Sayansi ya Nyomi: Hotuba kwa Wasanii wa Temeke na Kinondoni

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wazee wetu, mama lishe mliotupikia, na ninyi wasanii mliopanda daladala mbili mbili kutoka Mbagala mpaka hapa Kinondoni ili mnisikilize: kaeni. Mliokwisha kukaa, simameni kidogo ili mkae kwa pamoja. Mimi ndiye mtaalamu. Utaalamu wangu sikupewa na chuo chochote, kwa kuwa hakijapatikana chuo cha kunitahini.

Kosa lenu la kwanza, wanangu, ni kufanya mazoezi. Nimepita Tandale, nimepita Tandika, kila uchochoro kijana kashika maiki anakimbizana na singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Jasho lote hilo la nini? Mtu hatoki kwake kufuata muziki. Muziki anao: jirani yake anampigia kigodoro mpaka alfajiri wala hamdai hata senti. Mtu anafuata watu. Nyomi huvutwa na nyomi, na msanii makini hutafuta kwanza watu wa kusimama mbele ya jukwaa, nyimbo baadaye, muda ukiruhusu.

Bango liwe na nyuso 12 za mastaa. Chini kabisa andika "na wengine kibao". Hao wengine kibao ndio watakaopanda jukwaani.

Muda andika saa mbili kamili usiku, kisha wewe mwenyewe tokea saa saba. Shoo iweke Leaders Club. Wivu wa watu utakwambia ni mbali na Mbagala, na kwamba daladala za usiku ni za kubahatisha. Vizuri sana! Mtazamaji asiye na usafiri wa kurudi ndiye mtazamaji mwaminifu.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo haina bango, haina mdhamini, haina kiingilio. Inatoka kwenye shughuli ya mwali, inashika barabara, na kufumba na kufumbua mama kaacha maharage jikoni, fundi kaacha cherehani na suruali ya mteja mguu mmoja, mtoto aliyetumwa chumvi dukani anaokotwa magharibi mtaa wa tatu, kachoka, kafurahi, chumvi hana. Nimeichunguza. Nimeitafuta bajeti yake, sikuiona. Nilimsogelea mpiga ngoma nikamuuliza mpango mkakati wake ni upi, akanijibu nisogee pembeni, nimeziba njia. Hitimisho la kitaalamu: watu wale hawakuvutiwa. Walipotea tu.

Mtaniletea pia habari za bendi za Sikinde na Msondo. Naam, tangu DDC Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilipoanza mwaka 1978, jiji hili liligawanyika kama kwa Simba na Yanga, na bendi hizo mbili zikipambanishwa ukumbi mmoja, mlangoni hapapitiki. Lakini wale walitumia njia ya mkato: walikuwa na tungo. Mtu alikwenda kusikia habari za ndoa yake, za mashemeji zake, zikipigwa kwa gitaa mbele ya kadamnasi, na ulipofika wakati wa kucheza akasahau kwamba ni yeye aliyesemwa. Kujaza ukumbi kwa tungo nzuri, nani atashindwa? Ugumu ni kuujaza bila tungo, na hapo ndipo ninapofundisha mimi.

Wenzetu wa tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar, tangu 2004, wanataka msanii apige laivu, huku Ngome Kongwe nzima inamtazama. Ukatili gani huu? Tumia flashi. Flashi haikohoi, haiombi nauli, na ikikwama unamlaumu fundi mitambo, ambaye kazi yake hasa ni hiyo.

Halafu wapo hawa vijana wa Mburahati, wa Sisso Studios, ambao singeli yao ilitolewa mwaka 2017 na watu wa lebo ya Nyege Nyege ya Uganda, ikafika hadi Ulaya, Wazungu wakarukaruka kwa maneno wasiyoyaelewa. Hakuna hata mmoja aliyehudhuria semina yangu. Kisayansi, kwa hiyo, hawapo.

Maswali yaje kwa maandishi, yakiambatana na ada. Na huyo aliyefungulia spika huko nje tangu saa kumi, naomba mjumbe amwambie apunguze. Akiwakuta hapo wale wote walioniomba ruhusa ya kwenda msalani, awakumbushe kwamba vyeti vyao ninavyo mimi. Mama lishe, wewe kaa, mama yangu. Tunaingia sehemu ya pili.