Milimita Themanini Hazipandi Daladala

Muuza darubini wa Gerezani hakuuzii kioo, anakuuzia mvuto. "Mzee wangu, hii inavuta mbaya! Ukiwa Kigamboni unamwona mtu wa Posta anavyopiga mswaki." Ubavuni imeandikwa 60x60, na lenzi zake ni nyekundu kama macho ya konda aliyekesha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: milimita moja. Mboni ya jicho mchana wa jua kali hufunguka milimita mbili hadi tatu. Yaani namba zile zingekuwa za kweli, ningetoa hela yangu halali kununua giza. Nikamweleza kijana hesabu yote, kwa utulivu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mzee, nikupunguzie elfu tano."

Na wala sikuwa naitaka hiyo. Nilikuwa naulizia darubini ya jicho moja, ile inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu, nikawatazame ndege wa tope, sululu na vitwitwi, pale Daraja la Salender. Wengine wao hutoka Siberia, hufika kwetu kuanzia Septemba na kuondoka Aprili, na hawajawahi kulalamikia foleni. Hapa Gerezani ndege wetu ni kunguru weusi, waliofikishwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 kisha wakatuvukia bara. Kunguru hahitaji lenzi. Yeye ndiye anayekuchungulia wewe, na chapati yako.

Aliyeniharibia usingizi kuhusu ukubwa wa lenzi ni mpwa wangu wa Muscat. "Anko, chukua ya milimita 95, chini ya hapo unapoteza hela." Mwenyewe huenda Barr Al Hikman, kwenye tope la pwani ya Omani ambako ndege wa aina ya sululu na vitwitwi hutua kwa mamia ya maelfu kukwepa baridi ya kaskazini. Huenda kwa gari lake. Kiyoyozi kinaunguruma, darubini imekalishwa kiti cha mbele na imefungwa mkanda. Mtu wa hivyo hata akibeba mbili, mimi namruhusu.

Hesabu siikatai. Eneo la kioo ndilo linalokusanya mwanga, kwa hiyo lenzi ya 80 hukusanya karibu mara 1.8 ya lenzi ya 60. Ukikuza mara 60, ya 80 inakubakishia mwanga wa milimita 1.3, nayo ya 60 milimita moja ileile niliyomkatalia kijana. Lakini huo mwanga wa ziada wanautaka Wazungu, ambao kwao jua huzama kwa kusitasita na mtu anaweza kumfuatilia bundi mpaka chakula cha usiku kipoe. Sisi jua likishazama nyuma ya Kariakoo, dakika kama ishirini tu unapapasa ukutani kutafuta swichi. Mwanga tulio nao mchana unatutosha, tena unatuunguza.

Kinachotunyima ndege ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi hewa ya juu ya tope huanza kucheza, na sululu aliye mbali anatikisika mpaka hujui kama mdomo wake umepinda au ni macho yako. Hapo ukikuza mara 60 unakuza mtikisiko. Lipa milioni ngapi sijui, hewa haijali.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo anko wa mtu haulizwi. Darubini ya 80 au 85 ina kilo moja na nusu hadi mbili. Stendi isiyotingishwa na upepo wa bahari, weka kilo mbili nyingine. Sasa panda nayo daladala asubuhi. "Mzee, bomba hilo lilaze, tena lina nauli yake!" Nililaze wapi, na chini kuna ndoo ya samaki na miguu ya watu wazima? Ndiyo maana mimi ni mtu wa 65: kama kilo moja na kidogo, inaingia kwenye begi la mgongoni, na konda anadhani ni chupa ya chai.

Umbali unaobaki naachia bahari. Siku za bamvua maji hujaa alasiri, na kila yanapopanda yanawasukuma ndege kutoka kule mbali kwenye tope hadi karibu na ukingo wa barabara. Tope limefunikwa, mtikisiko umepungua, na jua liko mgongoni kwa kuwa bahari yetu iko mashariki. Mtu wa 95 aliyefika maji yakiwa yamekupwa anaona nukta kubwa. Mimi wa 65 niliyesubiri maji namwona ndege mpaka kucha. Mpwa anasema huo si utaalamu, ni uvivu. Sawa.

Kuna hasara moja ya darubini kubwa ambayo mpwa hawezi kuijua. Mjini kwetu mzee aliyesimamisha kitu juu ya miguu mitatu ni mpima ardhi, na mpima ardhi akitokea, alama ya X ya bomoabomoa iko njiani. Nimeazima ya 65 kwa rafiki, nikaifungua nje ya nyumba nijaribu tu. Akatoka jirani mmoja. Ingekuwa ya 95 wangetoka mtaa mzima na mjumbe wao. "Fidia tunalipwa lini?" akaniuliza jirani. Nikamwambia, mama, natazama kunguru. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua siri za serikali, akaniletea kiti, kisha chai. Nilipokuwa nafunga stendi akanisogelea, akaniomba kwa sauti ya chini nisisahau kuandika na choo cha uani, kwamba kina msingi wa zege.