Ndevu za Piko

Mjomba wake aliporudi kutoka Maskati alimletea mwanangu wa kwanza boksi la askari wa plastiki, wapiganaji wa Ulaya ya karne ya 15, wenye mikuki, mapanga na farasi waliovikwa mashuka. Urefu wao sentimita 2.5 hivi, rangi ya kijivu utosini hadi unyayoni. Askari hawa huuzwa watupu, kazi ya kuwapaka rangi ni ya mwenye kuwanunua. Kwao Ulaya watu wazima wenye ndevu zao hupaka jeshi zima, kisha wakalipiganisha mezani kwa kanuni, H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, aliandika kitabu kizima cha kanuni hizo mwaka 1913.

Mwanangu hakuwataka Wazungu. Aliitaka Pujini.

Sisi tunakaa Gombani, kisiwani Pemba, kelele za uwanja wa mpira tunazisikia tukiwa jikoni, na Pujini haiko mbali. Maboma yake yapo mpaka leo, na mwenyewe tunamwita Mkama Ndume, mtawala aliyesimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Zama zake ndizo zama za wale wa kwenye boksi. Basi mtoto akaona njia. Lile vazi refu la Mzungu linalovaliwa juu ya chuma, ukilipaka jeupe ni kanzu. Kofia ya chuma ukiikata kwa wembe, ukazungusha karatasi laini iliyochovywa gundi, unapata kilemba. Mavazi yakamkubali. Nyuso zikamkataa.

Alianza na rangi iliyobaki tulipopaka mlango. Plastiki laini ya namna hii hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, usipoiosha kwa sabuni rangi haishiki, na rangi ya mlango juu yake hunata siku nyingi bila kukauka. Akawapanga dirishani, juu ya mahali anaposali bibi yake. Usiku kusi ikavuma. Alfajiri mama mkwe wangu akasujudu gizani, na alipoinuka mpanda farasi mmoja alikuwa amegandia kwenye ushungi, wengine wamelala kifudifudi juu ya msala, nyuso zao zimebanduka zikabaki kwenye ukindu.

Alimaliza sala yake, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akaita.

"Mjukuu wangu, unataka malaika wasiingie ndani ya nyumba hii?"

Msala ungesuguliwa ukatakata, na hilo halikumshughulisha. Alivaa miwani, akamwinua yule askari wa ushungini karibu na taa. "Kipande cha plastiki kisicho na uso ningekinyamazia," alisema. "Huyu ana macho. Huyu ananikodolea."

Siku ile chai ilinywewa kimya. Baba yao akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo, akarudi na jibu lililotupa pumzi: michezo ya watoto ina nafasi yake, Bibi Aisha alikuwa na watoto wa bandia, na farasi mwenye mbawa za matambara, na Mtume alipomwona farasi yule alicheka. Lakini kuwatukuza na kuwapanga ukumbini kama pambo, hapana. Mama mkwe akakubali kwa masharti yake: wakae ndani ya boksi, boksi likae chumba cha watoto, na dirisha lake asiliguse mtu.

Mimi katika shauri hili nilikuwa upande wa nyuso, na bado niko. Pwani yetu haikuchora sura za watawala wake. Zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu mwaka 1984, hapa hapa Pemba, zina maandishi na majina, uso hamna. Nauheshimu ustaha ule. Lakini mtoto wa Gombani akifumba macho akataka kumwona mpiganaji wa kale, anayemjia ni Mzungu wa kwenye katuni, kwa sababu ndiye pekee aliyeonyeshwa. Mwanangu alipoamua kumpa mtu wa Pujini pua, paji na kidevu, niliona anafanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma na ilikuwa inangoja mtu.

Shida ikaja na piko. Shangazi yake ni mpambaji wa maharusi, na siku ya kumpaka bi harusi mmoja wa Machomane alikuwa ameikoroga piko usiku, akaifunika. Kijana akaichukua, kibakuli na njiti zake za ukuti, ili atie nyusi na ndevu. Juu ya plastiki piko iliteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Akatafuta pa kujifunzia mkono, akamkuta mdogo wake amelala.

Asubuhi mtoto wa miaka minne aliamka na sharubu zilizopinda juu na ndevu za ncha. Piko ya siku hizi ni dawa ya kutia nywele weusi, huweza kuunguza ngozi, tena ya mtoto. Nilimkimbiza bombani nikamsugua kwa sabuni, nikampaka mafuta ya nazi huku moyo unanidunda. Alhamdulillahi, halikutoka lengelenge hata moja. Ndevu hazikutoka pia. Chuoni wenzake wakamwita Mreno, na yeye, kwa kuwa hakujua Mreno ni nani, aliitika.

Bi harusi alingojeshwa mpaka maduka ya Chake yafunguliwe ipatikane piko nyingine. Shangazi alirudi jioni na maneno yake ameyapanga. Akamshika mdogo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akanyamaza. Kisha akasema, "Sharubu hizi kazipitisha unywele kwa unywele. Niitie huyo mtoto."

Tangu hapo jioni zetu ni zake. Akamkataza rangi ya mlango, wakaagiza rangi za maji, akamfundisha kuzizimua mpaka ziwe nyepesi, maana rangi nzito hufukia pua na midomo. Macho kwanza, ngozi baadaye, ili ngozi isahihishe kingo za jicho. Weupe wa jicho usiwe mweupe kabisa, utiwe tone la kahawia. Mboni iguse kope ya juu na ya chini, isielee katikati, ndiyo maana yule wa kwanza alikodoa. Ngozi ya watu wetu huanza na kahawia iliyokolea, yenye wekundu ndani yake. Nyeusi tupu kivulini huufanya uso kuwa masizi. Halafu kahawia nyepesi juu ya paji, juu ya pua, mashavuni na kidevuni, pale jua linapogusa. Uso wote upana wake milimita tatu. Anayepaka hushusha pumzi ndipo akagusa.

Jeshi lilipotimia, mama mkwe aliomba aonyeshwe. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Na wake zake wako wapi?"

Kila Mpemba anakijua kisima cha Pujini: wake wawili wenye wivu, ukuta katikati wasionane, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwingine akishuka kwa ngazi. Boksini hamkuwa na mwanamke. Shangazi akawakata pinde wapiga mishale wawili, akawafunika mtandio wa karatasi. Bibi alitaka kanga. Mjukuu akamwambia kanga ni za karne ya 19, bado hazijazaliwa. Wakakubaliana kitambaa cha buluu. Kisima kimejengwa kwa saruji ndani ya kopo la maziwa, na ukuta wake.

Sasa kimebaki kitu kimoja. Bibi anasema yule wa ngazi ndiye mke mdogo, uso wake lazima uzidi kwa uzuri. Shangazi anasema yeye hapambi wake wenza kwa mikono miwili tofauti. Baba watoto ameombwa aamue, na tangu alasiri yuko uwanjani anaangalia mpira.