Shangazi na Mji Ulionusurika Moto

Shangazi alipotoka Mombasa kuja kunitembelea Atlanta, niliona vibaya arudi nyumbani akiwa ameona maduka na barabara kuu tu. Jumamosi moja ya Julai nikamtia garini tukaelekea mashariki hadi Madison, mji mdogo wa Georgia ulio mwendo wa saa moja hivi, unaosifika kwa nyumba zake za kale zenye nguzo nyeupe na varanda pana.

"Wa kale tangu lini?" akauliza.

"Ulianzishwa 1809."

Shangazi amezaliwa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. "Basi bado mchanga," akasema, akajifunga mkanda.

Sifa kubwa ya Madison ni kutochomwa. Novemba 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini ya Jenerali Sherman yalipokuwa yakitoka Atlanta kwenda baharini, baadhi yake yalipita hapa yakachoma stesheni ya reli na pamba, lakini majumba yakaachwa. Wenyeji humshukuru Joshua Hill, mbunge wa zamani aliyepinga majimbo ya Kusini kujitenga, na aliyejuana na ndugu yake Sherman. Nilimsimulia Shangazi haya kwa madaha. Kumbe naye alikuwa na kijikaratasi chake cha watalii: mwaka 1869 moto mwingine, usio na jeshi wala jenerali, uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji.

"Jenerali walimweza," akasema, "moto wenyewe ukawashinda."

Mkahawani mambo yaliharibika mapema. Samaki wa siku hiyo alikuwa kambare, na mtu wa pwani hasafiri mabara mawili kuja kula samaki wa matope. Akaagiza kuku. Mhudumu, binti mchangamfu aliyemwita kila mtu mpenzi, akamuuliza kama anataka chai ya sukari au isiyo na sukari. Ya sukari, bila shaka. Ikaja glasi ndefu yenye limau, imejaa barafu hadi ukingoni. Shangazi aliitazama, akaomba ipashwe moto. Sijui waliifanyaje huko jikoni, lakini wapishi wawili walitoka kuja kumwona mwenyewe anayeinywa. Akainywa yote, kwa ubishi tu.

Baada ya hapo tukazunguka mitaa. Kuna jambo wageni hawaelezwi vya kutosha: nyingi ya nyumba hizo si makumbusho, zinakaliwa. Nilipogeuka baada ya kupiga picha, Shangazi alikuwa ameshapanda varanda ya watu, amepiga hodi kwa sauti ya Mji wa Kale, na kwa kuwa hakujibiwa ameketi kwenye kiti cha kubembea anajipepea kwa buibui. Kwake varanda ni baraza, na baraza ni ya wapita njia. Mwenye nyumba akatoka, mzee mwembamba. Nikaanza kutunga maombi ya radhi. Mzee akaketi kiti cha pili, wakabembea pamoja, kila mmoja akisema lugha yake, wakikubaliana kuwa jua ni kali.

"Nani alikuwa akifua mapazia yote haya?" aliniuliza tuliposhuka.

Jibu tulilipata karibu na mahakama, katika kinyumba kidogo kiitwacho Rose Cottage. Alikijenga Adeline Rose mwaka 1891, mwanamke aliyezaliwa utumwani, kwa fedha za kufua na kupiga pasi nguo za watu kwa senti 50 kwa mzigo.

"Na wewe wanileta huku kuona nguzo?" Shangazi akaning'akia.

Bibi yake alikuwa dobi. Akaanza kumweleza mwongozaji wetu, nami nikitafsiri mbio, jinsi wanga wa muhogo unavyochujwa, bluu inavyotiwa kidogo tu kanzu isije ikaonekana mgonjwa, na namna ya kupima joto la pasi ya makaa bila kuunguza kidole wala nguo. Mwongozaji aliuliza maswali. Watalii waliokuwa mlangoni wakaingia, wakajipanga nyuma yake, wakaanza kumpiga picha. Shangazi alipomaliza walimpigia makofi, na bwana mmoja mwenye kofia ya besiboli akamshukuru kwa ziara nzuri, akamwekea dola 5 kiganjani.

Nilifungua kinywa ili nimweleze ukweli yule bwana. Shangazi akanikanyaga mguu.