Dawa ni Windows

Kompyuta ikijizima kila baada ya dakika kumi, fundi wetu wa mtaani hata haifungui. Anaitazama kwa huruma, kisha anatoa hukumu: "Mama, hii lazima ipigwe Windows upya." Spika zikikoroma, Windows. Kibodi ikimwagikiwa chai, Windows.

Juzi mteja mmoja mbishi alikuja na bisibisi yake, akaifungua kompyuta yake mwenyewe. Ndani, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi, prosesa inachemka, na mashine ikijizima yenyewe isije ikaungua, kama ilivyoundwa ifanye. Brashi kavu ikamaliza kazi.

Fundi alikubali kwamba ni vumbi. Akadai hela ya ushauri. Na picha za harusi za mteja zilizokuwa humo? Hizo alishazifuta wiki iliyopita, alipopiga Windows mara ya kwanza.